Ngozi ya Maksai Chini ya Kiti cha Mtoto

Mikumi,
14 Januari 2025

Shangazi Kashindye,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na cherehani haijaanza tena ule ugonjwa wake wa kuruka uzi. Mimi sijambo. Mke wangu Jackline naye hajambo, anakusalimia sana. Kile kitenge ulichompa Krismasi ameshakishona, na amekivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo mpaka nimeona aibu kwa niaba yake.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Nilipiga, Shangazi. Ulipokea, ukasema "niandikie", ukakata. Haya, naandika.

Kwanza habari njema, maana najua baba hajakueleza ikaeleweka. Bosi wangu, Mzee Ditram, amenipa gari. Si la kuosha, la kuendesha! Unajua miaka minne yote nimeosha magari yake mawili ya kupeleka wageni mbugani, natoa tope kwenye matairi asubuhi na jioni, na leseni yangu imekaa mfukoni mpaka imepinda. Mwezi uliopita akaleta Landikruza ya tatu, viti vya ngozi halisi, rangi ya chai ya maziwa. Akasema hili ni la familia zenye watoto, na dereva wake ni Bundala. Siku hiyo nilikula ugali nimesimama.

Sasa shida yenyewe. Wageni wenye watoto wachanga wanataka kiti cha mtoto, kile cha plastiki kinachofungwa kwa mkanda juu ya kiti cha gari. Bosi amenunua viwili. Ni vitu vya maana, mtoto anakaa humo ametulia anaangalia tembo. Lakini kwa chini vina kingo ngumu. Baada ya safari tano nilikifungua kimoja, nikakuta mashimo manne yamebonyea kwenye ngozi, na katikati pamekwaruzika kama pamepigwa msasa. Maziwa yameingia kwenye mshono. Mgongo wa kiti cha mbele una alama za viatu, vidogo hivyo lakini vinapiga teke.

Bosi alilizunguka gari mara mbili. Kisha akaniambia, "Bundala, msimu unaanza mwezi wa sita. Nikikuta shimo jingine kabla ya hapo, gari anachukua Obed. Wewe unarudi kwenye mpira wa maji."

Shangazi, sitaki kurudi kwenye mpira wa maji. Na mimi sijaona duniani mshono kama wako. Ulipomshonea yule mwalimu wa Chanzuru viti vya pikapu yake, nilipitisha kidole kutafuta uzi ulipoanzia, nikaukosa. Naomba unitengenezee kitu cha kutandika chini ya hicho kiti cha mtoto. Nimepima: upana shubiri mbili na nusu, urefu shubiri mbili na vidole vitatu.

Mwanao,
Bundala


Kilosa,
27 Januari 2025

Mwanangu Bundala,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo haujatulia na cherehani inaruka uzi, kwa hiyo dua zako zote mbili zimepotelea njiani. Huko Tindiga wazima. Baba yako ameshapanda mpunga. Mama yako jino linamsumbua lakini hataki kung'oa, anasema jino ni lake na maumivu ni yake. Nimemwachia.

Simu sitaki. Kwenye simu mnasema "poa Shangazi, tutaongea", na hakuna kinachoongewa. Ukiandika unakaa chini, na mimi naona ulipositasita.

Hiyo habari ya gari nimeisoma, nikainuka, nikaenda kumwambia jirani yangu Filomena, yule nesi, halafu nikarudi kuisoma tena nihakikishe sijamdanganya. Miaka minne ya kuosha magari ya watu bila kununa! Marehemu mume wangu, aliyenifundisha kazi hii ya viti, alikuwa anasema fundi anajulikana siku ambazo hapewi kazi. Kwa hilo umenifurahisha, na nalisema hapa mwanzoni kwa sababu sasa nakuja kukugombeza.

Shubiri! Mkono wako ni wa kushikia dume pembe, shubiri yako moja ni ya kwangu moja na nusu. Tafuta mfuko wa sementi mtupu, uchane karatasi yake, uitandaze kwenye kiti cha gari. Weka kiti cha mtoto juu, zungushia penseli. Weka alama mkanda unapopita. Andika mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Kisha niletee hiyo karatasi kwa basi.

Halafu nisikilize. Kinachokula ngozi ya kiti si uzito wa mtoto, ni mchanga. Wageni wanapanda na vumbi la mbugani, linashuka chini ya ile plastiki, na kila gari likiruka bonde mchanga unasaga. Kabla ya kufunga kiti cha mtoto, pangusa ngozi kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu. Safari ikiisha kitoe, ngozi ipumzike, maana ikibanwa wiki nzima lile shimo halirudi. Maziwa yakimwagika yafute hapo hapo. Yakishaingia kwenye mshono na kulala humo, hata mimi siyatoi. Ule mgongo wa kiti cha mbele nitaushonea aproni, wapige mateke wachoke.

Na mpaka nikutumie kazi yangu, usitandike kitu chochote chini ya kiti cha mtoto. Blanketi, kanga, boksi, chochote. Umenisikia?

Jackline mwambie kitenge kikifuliwa kinavaliwa hata Jumapili ya tatu.

Shangazi yako,
Kashindye


Mikumi,
20 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole na mgongo. Mwambie mama ang'oe jino.

Karatasi ya mfuko wa sementi ndiyo hii niliyokunja humu ndani. Nimeandika MBELE kwa herufi kubwa usije ukanigombeza.

Shangazi, umejuaje habari ya mchanga ukiwa umekaa Kilosa? Nimemulika kwa tochi chini ya kile kiti, nikakuta mchanga wa kujaza kijiko. Nimewaonyesha madereva wenzangu, akina Obed. Obed ameendesha magari miaka kumi na moja, akasema hakuwahi kulifikiria. Nikamwambia huyo ni shangazi yangu, hajawahi hata kuingia mbugani.

Ngozi haijaongezeka shimo. Bosi amekagua mara mbili na hakuona kipya. Kwa hiyo usijitese na mgongo wako ukiharakisha. Huku mambo yanakwenda vizuri.

Mwanao,
Bundala


Kilosa,
18 Machi 2025

Mwanangu Bundala,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, na sina sababu nzuri ya kukupa. Mvua imeanza, mto Mkondoa unapanda, na vitambaa vyangu nimevipandisha juu ya kabati. Pia nilikuwa na safari ya Magole, mambo yangu mwenyewe. Mama yako amelegeza msimamo, jino limeng'olewa, sasa analionyesha kwa wageni.

Karatasi imefika. Umechora vizuri, mstari haujatetemeka. Kazi nimeianza, nimeifumua, nimeianza tena. Usiniulize kwa nini. Naomba tu uvumilie.

Ila kuna kitu. Nilipoifungua ile karatasi juu ya meza nilikuta manyoya matano mekundu yamenasa. Nikayaangalia sana. Wiki hiyo hiyo baba yako, kaka Dotto, alipita hapa akielekea mnadani, akaniambia kwa majivuno kwamba amekupa ngozi ya yule maksai mwekundu aliyemlimia miaka tisa. Ngozi nzuri ile, naikumbuka, aliilainisha mwenyewe mpaka inakunjika.

Nadhani umeitandika chumbani kwenu, mbele ya kitanda. Sijauliza. Nasema nadhani.

Msalimie Jackline.

Shangazi yako,
Kashindye


Mikumi,
30 Aprili 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo! Pasaka ilikuwaje? Huku tumekula pilau kwa Mama Loveth, yule anayewapikia wageni, na Jackline amevaa unajua nini. Mvua imepiga, barabara za ndani ya mbuga zimekuwa uji, lakini hii kubwa ya lami inapitika.

Nina habari za kukufurahisha. Bosi ameridhika na mimi kabisa. Ameinama na tochi yake, amepapasa kiti chote, hakuna mkwaruzo mpya hata mmoja tangu Februari. Na mgeni mmoja ameniandika kwenye kitabu cha wageni kwamba mimi ni dereva makini kuliko wote aliowahi kupanda nao. Bosi amekisoma mbele ya wenzangu kwa sauti. Obed amenipa mkono.

Kilichofanya kazi ni ngozi ya baba. Ndiyo, niliitandika kwenye gari. Nisamehe, uliponikataza nilikuwa na safari keshokutwa yake, na niliona ngozi kwa ngozi haiwezi kuharibu. Bosi ameipenda mno. Wageni wanaipiga picha. Sasa anataka kununua viti vya mtoto viwili vingine na kutandika ngozi za ng'ombe kwenye magari yote msimu ukianza. Ameniagiza nitafute mbili, laini, zenye manyoya. Nikasema shangazi yangu anawajua wafugaji wote wa Tindiga. Je, utanipatia?

Sina mengi.

Mwanao,
Bundala


Kilosa,
8 Mei 2025

Bundala,

Marahaba. Wote wazima.

Ngozi sitafuti.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Wewe ukija hapa huwa huwezi kuketi bila kunisimulia habari za mbugani: simba alilala barabarani, Mzungu aliogopa nyani. Hii umeandika pilau, bosi, kitabu, Obed. Barua nzima ya gari la watoto, na hakuna mtoto hata mmoja ndani yake. Unataja Pasaka lakini umeruka moja kwa moja kwenye sahani ya pilau. Na mwisho umeandika "sina mengi". Mtu aliyesifiwa mbele ya wenzake huwa ana mengi.

Sikukasirikii kwa kutonisikiliza, nilikwisha kukasirika Machi nilipoona manyoya, imepita. Nataka kujua mgeni aliyekuandika kitabuni alikuandika kwa sababu gani.

Shangazi yako,
Kashindye


Mikumi,
1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki tatu. Jackline ameiona mezani akaniuliza, sikumwambia. Nakuambia wewe kwanza.

Jumamosi ya Pasaka nilibeba mama mmoja wa Dar, Grace, na mumewe, na mtoto wao Brayan wa miezi kumi. Nilikuwa nimetandika ngozi ya baba kama tunavyotandika nyumbani, Shangazi. Unajua baba anavyomtandikia mgeni: shingo ukutani, mkia mlangoni, manyoya juu, mgeni akae ameegemea ukuta. Nami nikaona egemeo la kiti ndio ukuta. Shingo nikaipeleka nyuma, mkia ukaja mbele. Nikaipapasa, nikaona fahari. Nikafunga kiti cha mtoto juu yake.

Tulikuwa kwenye lami, pale inapokatiza mbugani. Nilikuwa spidi hamsini, sijazidisha, naapa. Swala akaruka kutoka kwenye nyasi. Nikafunga breki. Gari lilisimama vizuri, swala akapita. Lakini nyuma yangu nilisikia kitu kikiteleza. Kiti cha mtoto kiliachana na egemeo, kikaja mbele kikagonga mgongo wa kiti cha baba yake. Mkanda ulikuwepo, ila ngozi ilikuwa imebonyea chini yake na mkanda ukalegea. Brayan aligonga kichwa upande, juu ya sikio. Alilia, Shangazi. Niliendesha moja kwa moja mpaka zahanati, wakamwangalia, wakasema hana neno, ni uvimbe mdogo. Baadaye alikuwa anacheka na kunivuta kofia.

Mama yake hakujua ni kwa nini kiti kimesogea. Alifikiri ni breki. Alinishika mikono yote miwili akasema nimewaokoa wao na swala. Akaenda kuandika kitabuni.

Walipoondoka nilipanda nyuma peke yangu. Nikapitisha kiganja kwenye ngozi kuja mbele, kikateleza. Nikakirudisha nyuma, kikagoma. Manyoya yanalala kutoka shingoni kwenda mkiani, mimi nimezaliwa juu ya ngozi, nimelala juu ya ngozi, na nilimtandikia mtoto wa watu mahali pa kuteleza.

Ningesema siku hiyo. Lakini bosi alikuja na kile kitabu mkononi, akaanza kusoma kwa sauti, na kila neno lilivyosomwa mdomo wangu ulizidi kuwa mzito. Sasa ameshalipia viti viwili vipya na anauliza ngozi kila siku. Nikisema, gari linakwenda. Nisiposema, watoto watatelezeshwa kwenye magari matatu badala ya moja.

Ya baba nimeitoa. Niliitoa siku ile ile. Bosi akiuliza nasema naianika.

Bundala


Kilosa,
5 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika asubuhi nikiwa na mkasi mkononi, nikaketi nao.

Nilikasirika kwanza. Nilikugombeza kwa sauti humu ndani mpaka Filomena akaja kuuliza kuna nani. Nimemaliza. Sasa nikuambie la kwangu, maana nimekuficha tangu Februari.

Kava ya kwanza niliyokushonea ilikuwa nene, sponji ya vidole vinne, nzuri, ina bomba pembeni, ule ukingo wa mviringo. Nikamwomba Filomena kiti cha mwanawe, nikakifunga juu yake kwenye gari lake. Nikakitikisa. Kilicheza huku na huku, mkanda umezama kwenye sponji na hausemi kitu. Nikashtuka, kwa sababu nilikwisha kuuza kava za namna hiyo, mbili hapa Kilosa na moja Magole, na watu walinisifia. Nilidhani unene ndio ulinzi. Ndiyo ile safari ya Magole. Nilikwenda kwenye tope mpaka mlangoni kwa yule baba, nikamwambia nimekosea, nirudishie. Alinishangaa. Za hapa Kilosa nazo nimezirudisha. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu wewe unaniita fundi ambaye hujaona mfano wake.

Hivyo sina mahali pa kusimama na kukucheka.

Kifurushi hiki kina kava mbili mpya. Ni nyembamba, turubai moja tu, na mpira wa tyubu ya trekta chini na juu ili isiteleze kokote. Ukingo umeinuka kidogo kukamata mchanga na maziwa. Mkanda unapita kwenye ngozi tupu, haukanyagi kitu. Lakini kwanza soma kile kitabu kilichokuja na kiti cha mtoto, na kikisema kisiwekewe kitu chini, usiweke hata hii yangu. Ukifunga, shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kwa nguvu zako zote. Kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, mtoto asipande.

Kuhusu ngozi, naamuru: isiingie garini hata moja. Kuhusu bosi, sikuamuru wala sikuandikii maneno ya kumwambia. Maneno ni yako.

Shangazi yako,
Kashindye


Mikumi,
19 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwambia.

Nilijaribu kwa mdomo nikashindwa kuanza, kwa hiyo nilimwomba bosi apande kiti cha nyuma pale uani. Nilitandika ngozi ya baba vile vile, nikafunga kiti, ndani nikaweka mfuko wa mchele wa kilo kumi. Nikaendesha taratibu, nikafunga breki. Kiti kikateleza na mfuko wake mbele ya macho yake, kikagonga kiti cha mbele. Nikazima gari nikamwambia, "Pasaka hapo alikuwepo mtoto."

Alikisukuma kile kiti kwa kiganja, kikateleza tena. Akauliza, "Umekaa na hili wiki nane?" Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono, nikampa funguo. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

Mama Brayan nilimpigia simu mwenyewe, namba ilikuwa kitabuni. Nilimweleza yote. Akasema, "Asante kwa kuniambia," akakata. Brayan ni mzima, hilo nililisikia, alikuwa anapiga kelele kwa nyuma.

Kava zako, Shangazi. Kitabu cha kiti cha mtoto nimekisoma ukurasa kwa ukurasa, nikisaidiwa na Jackline, kinakataza kitu kinene, lakini chembamba kisichoteleza kinakiruhusu. Nimefunga, nimetikisa. Obed ametikisa, bosi ametikisa mpaka gari zima likayumba. Kiti hakikusogea kidole. Tulipokitoa ngozi ilikuwa safi, na mchanga wote umekaa kwenye ule ukingo unangoja kumwagwa. Bosi aliipitishia kava kidole, nikajua anatafuta uzi ulipoanzia. Anaomba uje ushone na zile aproni za viti vya mbele.

Na kuhusu zile za sponji: ulikwenda Magole kwenye tope kumwambia mtu aliyekusifia kwamba umekosea. Hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani siku ile. Nakuona fundi kuliko nilivyokuona Januari.

Gari la familia ameanza Obed. Mimi naosha.

Mwanao,
Bundala


Kilosa,
14 Julai 2025

Mwanangu Bundala,

Marahaba kwa salamu zote ulizonipa nikiwa huko. Nimefika salama juzi jioni. Mpunga wa baba yako umekwisha kuvunwa, magunia yamejaa mpaka barazani. Nimemweleza habari ya ngozi yake. Alikwenda kuipapasa ile nyingine ya kwake, kwenda na kurudi, mara nyingi. Akasema hakuwahi kumfikiria mgeni anayekwenda mbio. Atakuandikia, na uchukulie hivyo kuwa ni heshima, maana kaka Dotto hajawahi kumwandikia mtu.

Kuna mambo sikukuambia nikiwa huko, kwa sababu ungejikausha na mimi ningelia mbele ya watu.

Nilifika huko Jumamosi mapema, wewe hujaniona. Nilisimama na cherehani yangu ya mkono pale getini. Ulikuwa na gambuti, mpira wa maji mkononi, unaosha chini ya gari. Nikasema moyoni, haya, mtoto wetu amerudi alikotoka. Niliumia, sikufichi.

Kisha Obed akaliwasha lile la familia. Kulikuwa na wageni ndani na mtoto amefungwa nyuma. Akaendesha mpaka sehemu ya kuoshea, akasimama. Nikashangaa, gari lenyewe lilikuwa safi. Ukafunga maji, ukakausha mikono kwenye shati, ukafungua mlango wa nyuma, ukainama. Ukakishika kiti cha mtoto, ukatikisa. Ukasema kitu, Obed akashuka, mkafungua mkanda mkaufunga upya. Ukatikisa tena. Ndipo ukapiga bodi mara mbili na Obed akaondoka. La pili nalo likaja likasimama. Na la tatu.

Nilimuuliza Mzee Ditram nani ameweka utaratibu huo. Akaniambia yeye. Amewaambia madereva kwamba gari lenye mtoto halitoki getini mpaka Bundala aseme. Nikamuuliza, kwa nini Bundala, ambaye ndiye aliyekosea? Akasema, "Mama, hawa wengine sijui wakikosea wataniambia." Funguo hajasema atakurudishia lini, na mimi sikumwombea. Nilitaka, nikaona nitakuvunjia hadhi.

Nimeshona viti miaka ishirini na sita. Nimewaona madereva wa kila aina, wenye kofia, wenye miwani, wenye magari ya kutisha. Sijawahi kuona madereva watatu wamezima maringo yao, wanamngoja mwosha magari mwenye povu mpaka kwenye viwiko awape ruhusa ya kuondoka.

Nilipokuja kwako hapo, ukaacha mpira, ukainama, ukasema shikamoo, nami nikaitikia marahaba haraka haraka. Ulidhani ni mgongo. Mwanangu, kama isingekuwa mimi ni dada wa baba yako, asubuhi ile ningekuamkia wewe.

Shangazi yako,
Kashindye